Chembe Ndani ya Chogo

Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Tanga, na riziki yangu yote inatokana na kitu ambacho sijawahi kukitia machoni. Mteja huniuliza, "Fundi, umeshaliona tatizo?" nami hujibu nimeliona. Kusema kweli nilichoona ni kapasita iliyovimba kichwa, au rizista iliyobabuka, au mshale wa mita uliogoma kupanda. Elektroni zenyewe, zinazopita ndani ya waya na kufanya kazi yote, hakuna fundi aliyewahi kuziona. Tunazijua kwa vitendo vyake.

Vijana wa sekondari hupita dukani jioni na madaftari yao. Kwenye daftari la kemia la kidato cha pili atomu imechorwa vizuri kwa bikari: kiini katikati, miduara pembeni, na vinukta vya elektroni vilivyopangwa 2:8:1 kama ni sodiamu. Nikiwauliza nani alizihesabu hizo elektroni, na alizihesabu kwa chombo gani, wanatazamana. Siwalaumu, maana wamepewa jibu kabla ya kulisikia swali. Na swali lenyewe lina historia tamu. Vitabu huwagawia maprofesa historia hiyo yote, lakini mimi nikiisoma naona mafundi kila mahali: wapuliza vioo, watengeneza pampu, vijana waliokaa gizani wakihesabu. Kila picha mpya ya atomu ilizaliwa na kipimo kipya, na kila kipimo kipya kilimsubiri mtu mwenye mkono wa kazi.

KILICHOMO NDANI YA CHOGO

Kabla skrini bapa hazijajaa madukani, kila televisheni ilikuwa na chogo, na ndani ya chogo kulikuwa na tyubu kubwa ya kioo iliyonyonywa hewa. Shingoni mwa tyubu kuna uzi mdogo unaopashwa na umeme hadi unakuwa mwekundu. Uzi huo hukipasha moto kipande kidogo cha chuma kiitwacho kathodi, nacho kikishapata moto huanza kumwaga elektroni. Mbele, upande wa kioo cha picha, kuna umeme chanya mkali; kwenye televisheni ya rangi hufikia volti 25,000 hivi. Umeme huo huzivuta elektroni hadi zikigonga kioo kasi yake imefika kama asilimia 30 ya kasi ya mwanga. Zinapogonga, unga maalumu uliopakwa nyuma ya kioo hung'aa, na hiyo ndiyo picha.

Shingo hiyo imezungushiwa koili za waya wa shaba, ambazo mafundi tunaziita yoki. Yoki ni sumaku ya umeme, na kazi yake ni kuupinda mkondo wa elektroni kushoto na kulia, juu na chini, kwa wepesi ambao jicho haliwezi kuufuatilia. Umeme wa kuupandisha na kuushusha mkondo ukikatika, picha yote husinyaa ikawa mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo. Fundi yeyote wa zamani anaujua mstari huo.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na televisheni ndogo isiyo ya rangi aliyoitunza kwa ajili ya wanagenzi tu. Aliiwasha, akachukua sumaku ya spika iliyopasuka, akaisogeza mbele ya kioo. Sura ya msoma habari ikavutika: taya likaenda huku, paji la uso likaenda kule. Akiigeuza sumaku, sura nayo ilipindia upande wa pili. "Mwanga wa taa haupindwi na sumaku," alituambia. "Basi kinachokuja kwenye kioo si mwanga. Ni kitu." Wenye chogo la rangi wasijaribu, kwa sababu sumaku huacha madoa ya rangi kwenye kioo. Na asiye fundi asifungue chogo la aina yoyote, maana chaji hubaki ndani hata televisheni ikiwa imezimwa.

Hoja hiyo ya mzee, kwamba kinachopindwa na sumaku ni kitu, iliwagawa wanasayansi wa Ulaya kwa miaka mingi.

PAMPU KWANZA

Katika miaka ya 1850, mjini Bonn, Ujerumani, mpuliza vioo aliyeitwa Heinrich Geissler alitengeneza pampu iliyotumia zebaki badala ya pistoni. Pampu hiyo ilitoa hewa nyingi zaidi ndani ya tyubu kuliko pampu zilizoitangulia. Geissler alitia nyaya ncha mbili za tyubu, akaziba kioo kwa moto, na profesa wa mji huo, Julius Plücker, akapitisha umeme mkali ndani yake. Gesi kidogo iliyobaki ilitoa rangi za kupendeza. Hewa ilipopunguzwa zaidi, rangi zilififia, na badala yake kioo chenyewe kikaanza kung'aa kijani. Plücker aliona kwamba akisogeza sumaku, mng'ao ule wa kijani nao unahama.

Johann Hittorf, aliyekuwa mwanafunzi wa Plücker, aliweka kizuizi njiani mwaka 1869 akapata kivuli chake kwenye kioo. Basi kuna kitu kinachotoka kwenye kathodi na kwenda kwa mstari ulionyooka. Eugen Goldstein wa Berlin akakipa jina mwaka 1876: miale ya kathodi. Huko London, William Crookes aliwaonyesha watu kivuli hicho kwa kuweka ndani ya tyubu msalaba wa bati.

Ni miale ya nini, sasa? Waingereza wengi walisema ni chembe zenye chaji, kwa kuwa sumaku inazipinda. Wajerumani wengi walisema ni mawimbi, na walikuwa na ushahidi mzito. Mwaka 1883 Heinrich Hertz aliipitisha miale hiyo katikati ya mabamba mawili ya chuma yenye umeme, moja chanya na jingine hasi. Kama ingekuwa chembe zenye chaji, ingepinda kuelekea bamba mojawapo. Haikupinda. Baadaye msaidizi wake, Philipp Lenard, aliipenyeza kwenye karatasi nyembamba ya alumini ikatokea upande wa pili, na hakuna aliyeweza kuamini kwamba chembe yenye ukubwa wa atomu inaweza kupita hapo. Kwa upande mwingine, Jean Perrin aliikinga miale hiyo mjini Paris mwaka 1895 kwa kikombe cha chuma, na kikombe kikajaa chaji hasi. Kila upande ulikuwa na jaribio lake.

Tatizo la Hertz nalifahamu kama fundi. Ndani ya tyubu yake kulikuwa bado na gesi. Miale ikipita ndani ya gesi huivunja ikawa na chaji, na chaji hizo hukimbilia kwenye mabamba na kuufuta umeme wake. Hewa kidogo tu inatosha kuharibu kazi. Shika valvu ya redio ya zamani uitazame: ndani ya kioo, mara nyingi kwa juu, kuna doa la rangi ya fedha. Hilo ni tabaka la bariamu lililowekwa kunywa mabaki ya hewa. Kioo kikipata ufa, doa hugeuka jeupe, na fundi hujua valvu imekufa kabla hata ya kuiwasha. Hertz alifanya jaribio sahihi ndani ya tyubu ambayo haikuwa imenyonywa vya kutosha.

VOLTI MBILI

Aliyelirudia jaribio hilo ni Joseph John Thomson, ambaye wenzake walimwita J.J. Alizaliwa Manchester mwaka 1856, mtoto wa muuza vitabu. Wazazi walitaka awe mhandisi kwenye kiwanda cha vichwa vya treni, lakini nafasi ilichelewa, kisha baba akafariki kijana akiwa na miaka 16 na ada ya uanagenzi ikakosekana. Akabaki na hesabu na fizikia, masomo yaliyokuwa na misaada ya fedha. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28 tu, alipewa uprofesa wa kuongoza maabara ya Cavendish huko Cambridge.

Mkuu huyo wa maabara hakuwa na mikono ya maabara. Wasaidizi wake walipenda asikaribie vyombo, kwa kuwa alivivunja. Tyubu zake zilitengenezwa na mpuliza vioo Ebenezer Everett, na ndiye aliyezishughulikia wakati profesa anakokotoa. Nikisoma kwamba Thomson aligundua elektroni, moyoni huongeza jina la Everett.

Tyubu yenyewe ilikuwa babu wa chogo. Miale ilitoka kwenye kathodi, ikapita kwenye matundu mawili membamba yaliyoipunguza ikawa mkondo mmoja, ikapita katikati ya mabamba mawili ya alumini, kisha ikagonga mwisho wa tyubu palipobandikwa kipimio cha kusomea doa la mwanga limehama kiasi gani. Mabamba yalikuwa na urefu wa sentimita 5, na kati yake kulikuwa na nafasi ya sentimita 1.5. Mwanzoni Thomson naye hakupata mpindo wa kudumu. Alipoinyonya tyubu zaidi na zaidi, doa lilihama na kubaki limehama, na aliweza kuuona mpindo hata alipotumia volti 2 tu, umeme mdogo kuliko wa betri mbili za tochi zilizofuatana. Hapo hoja ya Hertz ikaanguka.

Kilichofuata ndicho kilichomtofautisha na wengine. Umeme uliupinda mkondo upande mmoja. Akaweka sumaku iupinde upande wa pili, akazirekebisha nguvu hizo mbili mpaka doa likarudi mahali pake. Msukumo wa umeme kwa chembe hautegemei kasi yake, ila msukumo wa sumaku unategemea. Zikilingana, ukilinganisha ukali wa umeme na wa sumaku unapata kasi ya chembe. Alipata zaidi ya kilomita 20,000 kwa sekunde. Kisha akaondoa sumaku, akauacha umeme peke yake, akapima mpindo. Chembe nyepesi yenye chaji kubwa hupinda sana, na nzito yenye chaji ndogo hupinda kidogo. Kwa hiyo kiasi cha mpindo kikamwambia uwiano wa chaji na uzito.

Uwiano huo ulikuwa mkubwa kuliko wa hidrojeni, atomu nyepesi kuliko zote, kwa mara 1,000 hivi. Ama chaji ilikuwa kubwa mno, ama uzito ulikuwa mdogo mno. Thomson aliikumbuka ile karatasi ya alumini ya Lenard: kitu kinachopenya hivyo lazima kiwe kidogo sana. Tena alibadilisha gesi, hewa, hidrojeni, kabonidayoksaidi, na akabadilisha chuma cha kathodi, alumini na platini, na uwiano ukabaki uleule. Basi chembe hizo ni sehemu ya kila kitu. Alilitangaza hilo London, Ijumaa ya tarehe 30 Aprili 1897, katika ukumbi wa Royal Institution. Baadaye sana mwanafizikia mmoja mashuhuri alimwambia kwamba siku ile alidhani anawafanyia mzaha. Neno atomu lilikuwa limekaa miaka mingi vinywani mwa watu likimaanisha kisichogawanyika, na huyu bwana anasema kuna kitu kidogo zaidi ndani yake.

Hakuwa peke yake. Emil Wiechert wa Königsberg alifikia jambo hilohilo miezi kadhaa kabla yake. Walter Kaufmann wa Berlin alipima uwiano huo mwaka huohuo, tena kwa usahihi kuliko Thomson, ila hakuthubutu kusema kwamba amepima chembe. Jina elektroni nalo lilikuwa limeshabuniwa na George Johnstone Stoney mwaka 1891. Thomson ndiye aliyekamilisha shauri: mwaka 1899 alipima chaji yenyewe, akaikuta inalingana na ya hidrojeni. Basi kilichokuwa kidogo ni uzito. Kwa vipimo vya leo elektroni ina uzito chini kidogo ya sehemu moja kati ya 1,800 za atomu ya hidrojeni.

Na mwaka huo huo wa 1897, huko Strasbourg, Ferdinand Braun alitengeneza tyubu ya kathodi kwa shughuli nyingine: kuutumia mkondo unaopindwa na sumaku kuchora mawimbi ya umeme kwenye kioo ili fundi ayaone. Ukoo wa chogo unaanzia hapo.

SINDANO NDANI YA BESENI

Kama elektroni zenye chaji hasi zimo ndani ya atomu, na atomu nzima haina chaji, lazima kuwe na chaji chanya ya kuzilipa. Iko wapi? Thomson alipendekeza kwamba atomu ni tufe la chaji chanya iliyosambaa sawasawa, na elektroni zimo ndani yake zikizunguka kwa miduara. Watu baadaye waliipa picha hiyo jina la pudingi ya zabibu, na wengi wakabaki na kicheko cha jina hilo wakaiacha hesabu yake. Hesabu ilikuwa nzuri.

Thomson alitumia jaribio la Mmarekani Alfred Mayer la mwaka 1878, ambalo shule yoyote inaweza kulifanya. Chukua sindano za kushonea, zisugue kwa sumaku zote kwa namna moja ili ziwe sumaku, kisha choma kila moja kwenye kizibo kidogo ili ielee wima ndani ya beseni la maji, ncha za aina moja zote zikiwa juu. Kwa kuwa zinafanana, zitakimbiana. Sasa shika sumaku kubwa juu ya katikati ya beseni, ncha yake ikiwa ile inayozivuta. Sindano zitasogea, zitayumba kidogo, kisha zitatulia. Tatu zitajipanga pembetatu, nne zitafanya mraba, na tano zitafanya pembe tano. Ya sita ukiitia inakosa nafasi pembeni, huingia katikati na kukaa peke yake ikizungukwa na zile tano.

Katika makala yake ya mwaka 1904 Thomson alionyesha kwa hesabu kwamba elektroni ndani ya tufe lake zingefanya vivyo hivyo: duara likijaa, linaanza jingine. Kumbe huenda ndiyo sababu tabia za elementi hujirudia katika jedwali la kemia. Tufe la chaji chanya halikudumu, lakini wazo la matabaka ya elektroni yanayojaa na kuanza upya limedumu hadi leo. Ile 2:8:1 ya daftari la mwanafunzi ina damu ya Thomson.

Mwaka uleule wa 1904, Hantaro Nagaoka wa Tokyo alipendekeza picha nyingine: tufe kubwa lenye chaji chanya katikati, na elektroni zikilizunguka kama pete za sayari ya Zohali. Hesabu zake zilionyeshwa kuwa na kasoro, na picha yake haikupata wafuasi wengi. Bado hakukuwa na kipimo cha kuamua nani yuko karibu na ukweli.

GIZANI MANCHESTER

Kipimo kililetwa na mwanafunzi wa Thomson mwenyewe. Ernest Rutherford alizaliwa mashambani karibu na Nelson, New Zealand, mwaka 1871. Alifika Cambridge mwaka 1895, akaenda kufundisha Montreal, Kanada, kisha mwaka 1907 akahamia Manchester. Alikuwa amebobea katika chembe za alfa, zinazofyatuka zenyewe kutoka elementi kama radiamu. Mpuliza vioo wa Manchester, Otto Baumbach, alimpulizia tyubu yenye ukuta mwembamba kuliko sehemu moja ya mia ya milimita. Alfa zilipenya ukuta huo bila kuuvunja, na kwa tyubu hiyo Rutherford akathibitisha kwamba alfa ni heliamu yenye chaji chanya. Chembe hiyo ina uzito wa zaidi ya elektroni 7,000, na hukimbia zaidi ya kilomita 10,000 kwa sekunde. Ilikuwa risasi nzuri ya kuipigia atomu.

Msaidizi wake Hans Geiger, ambaye jina lake leo liko kwenye kipima mionzi, pamoja na Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20, walipewa kazi ya kuzipiga alfa kwenye mabati membamba. Kazi yenyewe ilichosha. Mtu alikaa kwanza kwenye chumba cha giza mpaka macho yazoee. Kisha aliangalia kwa hadubini bamba dogo lililopakwa zinki salfaidi, na kila alfa iliyogonga ilitoa kimwanga kidogo mara moja kikazimika. Alihesabu hivyo vimwanga kimoja kimoja. Katika mfululizo wa majaribio yaliyokamilika mwaka 1913 walihesabu zaidi ya 100,000.

Kwa picha ya Thomson, alfa zilipaswa kupita zikiyumba kidogo tu, kwa sababu chaji chanya iliyosambaa haina mahali popote penye nguvu ya kuzirudisha. Rutherford alipendekeza Marsden aangalie kama kuna zinazorudi nyuma. Zilikuwepo. Kwenye platini, moja kati ya 8,000 hivi iligeuka na kurudi ilikotoka. Kwenye dhahabu yenye unene wa sehemu nne za elfu kumi za milimita, moja kati ya 20,000 hivi iligeuka kama pembe mraba. Nyingine zote zilipita.

Rutherford alilitafuna jambo hilo hadi mwaka 1911. Hesabu zake zilimpa njia moja tu: chaji ya upande mmoja, pamoja na karibu uzito wote wa atomu, imebanwa katika mahali padogo mno katikati. Alfa inayopita mbali haisikii kitu. Ile inayokwenda moja kwa moja kuelekea hapo inarudishwa. Katika makala ile hakuamua hata kama chaji ya kiini ni chanya au hasi, kwa kuwa hesabu ilikubali zote mbili. Alisema kile tu kilichopimwa. Leo twajua kwamba ukiikuza atomu ya dhahabu mpaka upana wake ufike kilomita mbili, kiini chake kingekuwa na ukubwa wa chungwa la Muheza, na sehemu yote iliyobaki ingekuwa uwanja wa elektroni 79.

MISTARI MINNE YA HIDROJENI

Picha hiyo ilikuwa na ugonjwa wa kuua. Elektroni inayozunguka, kwa kanuni za umeme zilizojulikana, hutoa mwanga, na kila inapotoa mwanga hupoteza nguvu na kusogea ndani. Kwa hesabu hizo atomu yoyote ingeanguka yenyewe katika muda mfupi kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mimi, wewe na gazeti hili tusingekuwepo.

Niels Bohr wa Copenhagen alifika kwa Thomson Cambridge mwaka 1911, kisha mwaka 1912 akahamia kwa Rutherford. Alipendekeza jambo ambalo lilionekana kama kulazimisha: elektroni haikai popote inapotaka. Kuna ngazi maalumu za nguvu, na ikiwa kwenye ngazi hizo haitoi mwanga kabisa. Hutoa mwanga inaporuka kutoka ngazi ya juu kwenda ya chini, na rangi ya mwanga huo hutegemea tofauti ya ngazi mbili hizo.

Ushahidi ulikuwa umeshakaa mezani kwa miaka 28. Hidrojeni ikiwashwa kwa umeme ndani ya tyubu hutoa rangi maalumu tu, na mistari minne inaonekana kwa macho: mwekundu, wa samawati, na miwili ya urujuani. Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu wa shule ya wasichana huko Basel, Uswisi, alipata kanuni ya tarakimu inayolingana nayo yote, bila kujua kwa nini inalingana. Mwaka 1913 Bohr alichukua chaji ya elektroni, uzito wake, na namba ya Max Planck inayohusu nguvu ya mwanga, vyote vimeshapimwa na watu wengine kwa shughuli nyingine, akavitia kwenye nadharia yake, na kanuni ya Balmer ikatoka na tarakimu zake. Chaji hiyo ilikuwa imepimwa vizuri kuliko wakati wowote huko Chicago, ambako Robert Millikan na mwanafunzi wake Harvey Fletcher walitazama matone ya mafuta yakielea kati ya mabamba mawili ya umeme.

Mwaka huohuo Henry Moseley alianza kupima eksirei zinazotolewa na elementi moja baada ya nyingine, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba kila elementi ina namba yake kamili, ambayo ni kiasi cha chaji ya kiini. Hapo ndipo elektroni zilipohesabiwa, maana atomu isiyo na chaji lazima iwe na elektroni zinazolingana na namba hiyo. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27.

Picha ya Bohr nayo ilizeeka upesi. Mwaka 1927 George Thomson, mtoto wa J.J., aliipitisha elektroni kwenye utando mwembamba wa chuma huko Aberdeen akaona inatawanyika kama wimbi. Baba alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kazi zilizozaa elektroni kama chembe. Mtoto akaipata mwaka 1937 kwa kuonyesha kwamba ni wimbi pia. Miduara ya bikari ya kidato cha pili ni michoro ya kurahisisha tu, na mwalimu mzuri huwaambia wanafunzi hivyo siku anapoichora.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Msiwafundishe watoto picha hizo kama orodha ya watu waliokosea mmoja baada ya mwingine. Thomson alieleza vyema mpindo wa volti 2, Rutherford akaeleza alfa zilizorudi, Bohr akaeleza mistari minne, na kila mmoja aliishia pale vipimo vyake vilipoishia. Beseni, sindano na vizibo havihitaji maabara. Mwanafunzi akishaona sindano ya sita ikiingia katikati, mwulize swali la mtihani kwa namna nyingine: badala ya kuchora atomu ya sodiamu, aeleze ni nani alipima nini hata tukajua kwamba ina elektroni 11. Akiweza kulijibu hilo, mchoro atauchora mwenyewe bila kukariri.